Aibu ya Bidhaa Isifichwe: Kadi ya Kompyuta Yenye Feni Mbovu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na kutukataza dhuluma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, mlioko msikitini na mlioko majumbani mkitusikiliza pamoja na watoto wenu: leo tunakusudia kueleza jambo ambalo pengine wazee watalistaajabia kulisikia siku ya Ijumaa. Nalo ni ununuzi wa kadi ya grafiki iliyokwisha kutumika, yenye feni mbovu. Tusione ajabu. Bidhaa hubadilika kila zama, lakini hila ya mwenye kuuza na huzuni ya mwenye kudanganywa ni zile zile.

Alitujia kijana mmoja anayesomea uchoraji wa majengo. Alikuwa amejinyima kwa miezi mingi, na mama yake akamwongezea fedha za kibati chake cha akiba, ili anunue kadi hiyo kwa masomo yake. Muuzaji aliichomeka mbele yake, picha ikatokea, feni mbili zikazunguka, fedha zikalipwa. Nyumbani, alipoanza kuchora nyumba nzima yenye vyumba na ngazi, baada ya dakika kumi kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Akawasha tena, kikazima tena. Fundi alipoifungua kadi alikuta beringi ya feni moja imekauka na kutiwa tone la mafuta ya cherehani, na feni ya pili shina lake limelegea. Mafuta yale yalitosha kuizungusha feni kwa siku ya kuuza tu. Kijana alipompigia simu muuzaji, simu haikupokelewa.

Ili tuhukumu kwa haki, kwanza tukijue kitu chenyewe. Kadi ya grafiki ni kibao cha umeme kikaacho ndani ya kompyuta, ambacho kazi yake kubwa ni kuchora picha zionekanazo juu ya kioo. Katikati yake ipo chipu inayofanya mahesabu mengi mno kwa wakati mmoja, na umeme wote inaoutumia hatimaye hugeuka kuwa joto. Kadi iitwayo GeForce RTX 3060 imepimiwa wati 170, na RTX 3080 wati 320. Basi fikirini joto la taa tatu za zamani za wati 100 kila moja, limekusanyika katika kitu kinachoenea viganjani!

Joto hilo halina budi kuondolewa. Juu ya chipu hupakwa dawa laini ya kupitisha joto, kisha hukazwa bamba la shaba au alumini lenye mapezi mengi membamba, na juu ya mapezi huwekwa feni za kupuliza hewa. Feni zikisimama, joto hukwama. Chipu hujihami kwa kupunguza kasi yake, na hapo picha huanza kukwamakwama. Joto likizidi mpaka wake, ambao kwa RTX 3080 ni nyuzi 93 za Selsiasi, kadi hujizima. Na ikitumiwa hivyo mara kwa mara, viungo vyake vya ndani hutanuka na kusinyaa hata vikachakaa kabla ya wakati wake.

Zingatieni pia kwamba feni ndiyo sehemu pekee ya kadi inayotembea, na kitu kinachotembea huchakaa. Grisi ya beringi hukauka, vumbi hukaa, shina hulegea. Kadi zilizotumiwa kuchimba sarafu za kidijitali zilifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliachana na uchimbaji wa namna hiyo, na wachimbaji wengi wakaziuza kadi zao. Kwa hiyo, kadi ya zamani kuwa na feni iliyochoka si jambo la kushangaza, wala si fedheha kwa mwenye kuiuza. Fedheha ni kunyamaza.

Ndugu zangu, kasoro hii ni ndogo ikitajwa. Bei ya feni ni sehemu ndogo ya bei ya kadi, na fundi mwenye bisibisi na uangalifu huibadilisha. Lau muuzaji yule angalisema, "Mwanangu, feni zake zimechoka, nakupunguzia bei ukaweke nyingine," biashara ingalikuwa safi, na huenda kijana angaliinunua vile vile. Kwa kunyamaza, na kwa lile tone la mafuta, kasoro ya feni iligeuka kuwa dhambi.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akawatenga wenye kughushi na umati wake. Tazameni: mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake lilikuwa kuweka kavu juu na mbichi chini.

Na amekataza pia kumfunga mnyama maziwa, yaani kumwacha ngamia au mbuzi siku kadhaa bila kukamuliwa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani ni mwenye maziwa mengi. Aliyenunua kwa hila hiyo alipewa hiari: akitaka amweke, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Je, kuna tofauti gani kati ya chuchu zilizofungwa na feni iliyotiwa mafuta ya cherehani?

Sasa tugeukie upande wa pili, maana uadilifu haumtazami mnunuzi peke yake. Wako wanunuzi wanaoiona feni imesimama wakapiga kelele kwamba wameibiwa, na hali muuzaji hana kosa. Kadi nyingi za miaka hii zimetengenezwa makusudi zisizungushe feni wakati hazina kazi. Feni huanza kuzunguka joto lifikapo nyuzi 50 au 60 hivi, na kazi ikiisha husimama tena. Basi feni iliyosimama kadi ikiwa baridi si ushahidi wa ubovu, na feni inayozunguka kwa dakika mbili si ushahidi wa uzima. Ushahidi wapatikana katika kazi nzito, na huko ndiko kutia mkono ndani ya lundo.

Kwa hiyo, enyi vijana, kabla hamjalipa fanyeni haya. Kwanza, kadi ikiwa imezimwa, izungusheni feni polepole kwa ncha ya kidole. Iwe nyepesi, isikwaruze, isiyumbe katika shina lake, wala isiwe na pezi lililovunjika. Pili, ombeni ichomekwe katika kompyuta na mtumie programu ya bure kama GPU-Z, ambayo huonyesha joto la chipu na mizunguko ya feni kwa dakika. Tatu, ipewe kazi nzito kwa robo saa, kwa programu kama FurMark au kwa mchezo wenye picha nyingi. Joto hupanda, kisha hutulia mahali, na kadi nyingi nzima hutulia kati ya nyuzi 60 na 80 na kitu. Joto likipanda bila kutulia na feni haziongezi mwendo, ipo kasoro. Nne, zitazameni feni zote kwa macho na kuzisikiliza kwa masikio, kwa kuwa mara nyingine programu huonyesha hesabu ya feni moja tu, na nyenzake imekufa kimya. Muuzaji anayekataa mtihani wa robo saa amekwisha kuwajibu, basi shikeni fedha zenu na mumuage kwa wema.

Na anayeinunua huku akiijua kasoro hana dai juu ya kasoro hiyo. Yampasa tu atafute feni ya namna ile ile: upana sawa, matundu ya skrubu yaoane, na kichwa cha waya kiwe kile kile. Feni ya waya 4 hupokea amri ya kuongeza na kupunguza mwendo, haifai kubadilishwa ovyo kwa ya waya 2.

Ama aliyekwisha kununua kisha akagundua aibu iliyofichwa, sheria haikumwacha. Kasoro ikiwa ilikuwapo kabla ya kukabidhiwa, ikawa inapunguza thamani, na mnunuzi hakuijua, anayo hiari ya kuirudisha bidhaa na kupewa fedha zake. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani yetu, hutakiwa airudishe mara tu aijuapo kasoro, bila ya kuchelewa. Anayeendelea kuitumia wiki nzima kwa starehe zake huhesabiwa ameridhika. Na akiiongezea kasoro nyingine mkononi mwake, kwa kuifungua na kuvunja kitu, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kuipokea. Kwa hiyo usikimbilie bisibisi. Mrudie kwanza aliyekuuzia, kwa maneno ya upole na mbele ya shahidi. Na bora kuliko hayo, siku ya kununua andikianeni karatasi yenye jina la kadi, bei, hali ya feni, na siku za kujaribu.

Nanyi wafanyabiashara, msijifiche nyuma ya maneno "nauza kama ilivyo." Maneno hayo hayamwondolei dhambi aliyeijua kasoro akainyamazia. Anayeuza asichokijua hali yake na aseme, "Sijaijaribu," na hilo pia ni ukweli, nao utapimwa katika bei. Mtume wetu ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa.

Kijana wetu aliweka feni mpya kwa fedha za nauli yake, akaenda darasani kwa miguu mwezi mzima. Kadi yake inafanya kazi hadi leo. Yule aliyemwuzia alipata faida ya siku moja, na deni lake bado liko shingoni mwake mpaka amrudie mwenzake na kumtaka radhi. Mlango wa kurejesha haki u wazi maadamu wote wawili wangali hai.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atufanye wakweli katika mizani zetu na ndimi zetu, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.