Mathenge Shambani: Kata Chini, Saga Maganda

Ndugu wa Baringo, mathenge mnaijua. Ililetwa miaka ya 1980 ituzuilie mchanga na kutupa kuni. Leo imefunga malisho, na mwiba wake unatoboa hata akala.

Ukiikata juu juu, inachipuka matawi mengi kuliko ya kwanza. Chimbeni kando ya shina, mkate chini ya udongo, kama shubiri moja hivi. Matawi yafaa kuzungushia boma.

Shida kubwa ni maganda. Ni matamu, lakini mbuzi akiyala siku nyingi meno huharibika, na mbegu hutoka nzima kwenye mavi na kuota. Basi kikundi kiyaokote, kiyasage, mbegu zife. Unga huo mchanganye na majani makavu. Yaanikeni mpaka yavunjike mkononi; yakiwa na unyevu yananata kwenye mashine, na mwenye posho atawafukuza!