Bizari haitayakinga mapafu ya mvutaji sigara

Je, wewe huvuta sigara, kisha ukanywa maziwa yenye bizari ya manjano ukiamini kuwa mapafu yako yamekingwa?

Imani hiyo ina chanzo. Mnamo 2004 watafiti nchini India walieleza kuhusu panya waliodungwa nikotini. Waliopewa pia kurkumini, kemikali inayoipa bizari hiyo rangi yake, mapafu yao hayakudhurika sana kama ya wenzao.

Lakini wewe si panya, na moshi wa sigara si nikotini pekee. Una lami na kemikali nyingi zinazosababisha saratani. Isitoshe, kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya bizari, na mwili hufyonza kidogo mno.

Kuna funzo kutoka Finland. Mnamo 1994 ilibainika kwamba wavutaji waliopewa vidonge vya beta-karotini, vilivyotarajiwa kuwakinga, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Kwa hivyo, tia bizari mchuzini upate ladha, lakini sigara iache. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hupungua karibu nusu. Na ukikohoa zaidi ya wiki mbili, au ukitema damu, muone daktari mara moja.