Maji ya nyumba ndiyo yanayoamua samaki wa kufugwa pamoja

ANAYEAMUA kufuga samaki wa mapambo katika nyumba ya Buruburu, Umoja, Donholm au Komarock, mara nyingi huanza kwa kununua tangi la kioo. Kisha huwachagua samaki waliomvutia macho dukani, mmoja mwekundu, mmoja wa milia, mmoja mwenye mkia mrefu. Maji huja mwisho, kana kwamba maji yote ni mamoja. Baada ya majuma machache fedha zimepotea, na watoto wanauliza kwa nini samaki wanaelea kifudifudi.

Kosa huwa katika mpangilio huo. Samaki wa kuishi pamoja hawachaguliwi kwa rangi. Huchaguliwa kwanza kwa maji yatakayowafikia, pili kwa ukubwa watakaoufikia wakiwa wazima, na tatu kwa tabia zao. Katika mitaa ya Eastlands, jambo la kwanza ndilo zito kuliko yote.

Maji ya mfereji jijini Nairobi hutoka kwa sehemu kubwa katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, na vyanzo vingine vya safu ya milima ya Aberdare. Ni maji ya mito ya mlimani, yenye madini machache. Lakini maji hayo huja kwa mgao, na mfereji ukikauka, wenye nyumba za ghorofa huagiza boza au hufungua kisima kilichochimbwa uani. Maji ya visima vya Nairobi yanajulikana kwa wingi wa floridi, mengi yana alkali, na baadhi yana ladha ya chumvi. Kwa hiyo yapo majengo ambamo tangi la juu ya paa huwa na maji ya mlimani Jumatatu na ya kisima ifikapo Ijumaa, na mpangaji hajui.

Binadamu hulalamikia ladha tu. Kwa samaki mambo ni mazito zaidi. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Hivyo maji humwingia mfululizo kupitia mashavu na ngozi, naye hana budi kuyatoa huku akizuia chumvi zake zisipotee. Kazi hiyo haina mapumziko. Maji yakibadilika ghafla, mizani hiyo huvurugika, samaki hudhoofika, na maradhi ambayo angeyashinda humwangusha.

Ndiyo maana neoni tetra, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, si chaguo la busara kwa nyumba isiyojua maji yake yanatoka wapi. Asili yake ni vijito vya bonde la Amazon, penye maji laini na yenye asidi kidogo. Nyumba inayopata maji ya mfereji wakati wote inaweza kumjaribu. Inayotegemea boza na imwache.

Plati, mkia-upanga na guppi, ambao huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai, hustahimili maji yenye madini na alkali. Moli hata huyapenda, ila huhitaji tangi kubwa zaidi. Danio wa milia, mwenyeji wa mito ya Bara Hindi, ni mgumu kuliko umbo lake linavyoonyesha. Kabla ya kununua yeyote kati yao, vipande vya karatasi vya kupimia asidi na alkali vitamfaa mfugaji kuliko ushauri wa muuzaji. Maji yapimwe mara kadhaa kwa siku tofauti, maana kipimo kimoja hakitaonyesha mabadiliko.

Joto nalo lina neno lake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka hadi kiasi cha nyuzi 12 za Selsiasi au chini ya hapo. Guppi, neoni tetra na samaki malaika huhitaji maji ya takriban nyuzi 24 au zaidi, yaani kipasha-joto kinachotumia umeme mchana na usiku. Umeme ukikatika, tangi dogo hupoa haraka. Danio, plati na koridora wa madoadoa, yule kambare mdogo anayepekuapekua chini ya tangi, huvumilia nyuzi 18 bila taabu kubwa. Kwa hiyo watatu hao wanaelewana kwa joto na kwa tabia, na kila mmoja ana tabaka lake la maji.

Samaki wa dhahabu anahitaji kutajwa peke yake, kwa kuwa ndiye anayenunuliwa zaidi kwa ajili ya watoto na ndiye anayedhulumiwa zaidi. Hapendi maji ya moto, hivyo hafai kuchanganywa na samaki wa kitropiki. Hula sana na kuchafua sana. Anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole hufikia sentimita 15 au zaidi, na akitunzwa vyema huishi zaidi ya miaka kumi. Bakuli la mviringo juu ya meza ya sebuleni si makao yake, hata likipambwa namna gani.

Udanganyifu wa umri hautokani na nia mbaya ya wauzaji. Samaki wengi huuzwa wakiwa wachanga. Oska wa sentimita tano hupendeza kwa upole wake, lakini hukua hadi sentimita 30, na kila anayeingia kinywani mwake ni chakula. Samaki malaika, licha ya jina lake, humeza neoni tetra usiku. Kambare wa mtoni, anayeletwa nyumbani na vijana waliokwenda kuvua, atalimaliza tangi zima. Kanuni ni rahisi: anayeweza kumezwa atamezwa.

Kanda hii ina ushahidi wake mkubwa. Mbuta aliingizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 idadi yake ikafurika. Wale samaki wadogo ambao Waluo huwaita fulu na Watanzania furu, waliokuwa na mamia ya aina zisizopatikana kwingineko duniani, walipungua vibaya na aina nyingi zikatoweka, ingawa uchafuzi wa maji na uvuvi wa kupita kiasi pia ulichangia. Baadhi ya aina hizo zimeendelea kuzalishwa katika matangi ya Ulaya na Marekani ili zisipotee. Ikiwa ziwa lote halikutosha kumficha mnyonge, tangi la sentimita 60 litamficha wapi?

Wapo pia wasiomeza lakini wanaonyanyasa. Babu wa milia, aina ya samaki mwenye kucheza sana, huchokoa mapezi marefu ya guppi hadi yakachanika. Madume wawili wa beta, samaki wa kupigana kutoka Thailand, hawawekwi pamoja kamwe. Siklidi wa Ziwa Malawi, wenye rangi za kuvutia mno, hugombania maeneo na hufaa kuishi na wenzao tu, katika tangi kubwa lenye mawe. Danio na koridora hutaka kundi la sita hivi. Akiwa peke yake, danio huwa msumbufu na koridora hujificha. Plati dume mmoja awekewe majike wawili au watatu, la sivyo jike mmoja hufukuzwa hadi achoke.

Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 30 hubeba lita 54 likijaa pomoni. Danio sita, plati watatu na koridora watano wanatosha. Tena wasiingizwe siku moja. Kinyesi chao hutoa amonia, ambayo ni sumu, na sumu hiyo huwa kali zaidi katika maji ya alkali kama yale ya visima. Bakteria wanaoibadilisha huchukua wiki nne hadi sita kukua kwenye kichujio. Waanze danio, wafuate plati baada ya wiki mbili, kisha koridora. Chakula kiwe kidogo, kinachokwisha kwa dakika mbili.

Kila juma, robo ya maji ibadilishwe. Ya mfereji yaachwe wazi katika ndoo pana kwa siku nzima ili klorini ipungue, au yatiwe dawa ya kuiondoa. Kwa sababu ya mgao, mfugaji mwenye mtungi mmoja au miwili ya akiba, iliyojazwa siku maji mazuri yalipokuja, huokoa samaki wengi kuliko mwenye mashine za bei ghali. Umeme ukipotea kwa saa nyingi, maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa tena kutoka juu, mara kwa mara, ili hewa iingie.

Plati na guppi huzaana upesi, na jike aliyenunuliwa peke yake anaweza kuzaa kwa miezi kadhaa kwa mbegu alizohifadhi mwilini. Watoto wakizidi, wapewe majirani au warudishwe dukani. Wasimwagwe katika Mto Nairobi wala bwawa lolote. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani walioingizwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1970 waliitafuna mimea ya majini ya ziwa hilo, na hadi leo hakuna aliyeweza kuwaondoa.