Helm's Deep Haienei Sebuleni

Katika The Two Towers, filamu ya pili ya The Lord of the Rings, kabla vita vya Helm's Deep havijaanza, mvua inadondoka juu ya deraya za askari, kisha jeshi la Uruk-hai linaanza kugonga mikuki chini na kunguruma. Sehemu ya ngurumo ile ni sauti za maelfu ya mashabiki wa kriketi wa Wellington, New Zealand. Mwongozaji Peter Jackson alishuka uwanjani wakati wa mapumziko ya mechi, akawaongoza kupaza sauti na kukanyaga kwa pamoja. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya uhariri wa sauti. Aliyeiona kwenye runinga tu, hata mara kumi, anaijua hadithi yote, ila ngurumo hiyo bado hajaisikia.

Sababu iko kwenye maumbile ya sikio. Sauti ya filamu huchanganywa ndani ya ukumbi uliopimwa, ambamo kila spika kuu inaweza kufika desibeli 105 pale kelele zinapopamba moto. Nyumbani watoto wamelala na jirani yuko nyuma ya ukuta, kwa hiyo tunasikiliza chini kabisa ya hapo. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio halipokei sauti zote kwa usawa: ukizishusha zote kwa kiasi kilekile, besi ndiyo inayofifia haraka zaidi. Ukibonyeza rimoti kupunguza, basi, unabaki na mlio wa panga huku mtetemo wa ardhi umetoweka. Ndiyo maana pia unapandisha sauti mchawi Gandalf anaponong'ona, kisha unaikimbilia rimoti vita vinapolipuka.

Kwenye picha, watu wengi huhangaikia ukali. Ni kweli filamu zote tatu za mfululizo huu zilisafishwa upya na kutolewa kwa 4K mwaka 2020, na kazi ni nzuri. Lakini runinga ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi, na ukikaa mita 3 kutoka kwake inajaza nyuzi 23 tu za upeo wa macho yako. THX, kampuni ya viwango vya sinema, hupendekeza karibu nyuzi 40. Kwa umbali huo jicho la kawaida haliwezi kutenganisha hata pikseli za HD kamili, seuze za 4K. Tena filamu hizi zina picha pana sana, kwa uwiano wa 2.39 kwa 1, hivyo robo nzima ya kioo inaliwa na mikanda myeusi ya juu na chini.

Kinachokosekana nyumbani ni ukubwa. Kumbuka mioto ya ishara katika The Return of the King, inayowashwa kilele kwa kilele kutoka Gondor hadi Rohan. Kwenye runinga unaiona milima yote kwa mtupo mmoja wa jicho. Ukumbini jicho lazima lisafiri. Linatafuta juu ya theluji mwali unaofuata utawaka wapi, na ule utafutaji ndio utamu wa tukio lenyewe.

Nyumbani nako kuna ushindi wake. Projekta ya kawaida ya sinema hutoa mwanga wa kandela 48 kwa mita ya mraba, na weusi wake huwa na ukijivu. Runinga ya OLED huzima pikseli moja moja, kwa hiyo migodi ya Moria, taa za sebuleni zikiwa zimezimwa, inapendeza kuliko katika kumbi nyingi. Sharti uzime ule mpangilio wa kulainisha mwendo, ambao huchomeka picha za kubuni kati ya zile 24 za kila sekunde. Jackson mwenyewe alijaribu picha 48 kwa sekunde katika The Hobbit mwaka 2012, na watazamaji wengi walilalamika kwamba ilifanana na kipindi cha runinga.

Jambo ninalopingana nalo ni kurudisha ukumbini matoleo marefu. The Return of the King ilikuwa ya dakika 201 ilipotoka. Toleo refu lina 251. Lilitengenezwa kwa ajili ya DVD, likagawanywa katika diski mbili ili mtu apumzike katikati. Linamwonyesha shujaa Aragorn akizikabili meli za maharamia mapema, na hivyo linaua mshtuko wa kumwona akiruka kutoka melini kwenye vita vya Pelennor, mshtuko ambao ukumbi mzima huupokea kwa pamoja. Kwa upande mwingine, kifo cha mchawi mwovu Saruman kimo katika toleo refu peke yake, na huyo ni mtu aliyestahili mwisho. Litazame nyumbani, kwa siku mbili ukipenda.

Ukumbini omba toleo fupi. Kata tiketi ya katikati ya safu, theluthi mbili hivi za ukumbi kutoka kwenye skrini, karibu na mahali wachanganya sauti hukaa wanapofanya kazi yao.