Shairi lako umemsomea nani?

Ndugu msomaji, tuseme umetunga shairi. Umekaa usiku na taa, umeandika beti sita kwenye daftari. Sasa unataka kulitia katika bahasha ulipeleke gazetini.

Ngoja kidogo. Je, umemsomea nani?

Wewe ni mkulima. Unajua kwamba mbegu hupimwa kabla ya kupandwa. Unahesabu punje 10 za mahindi, unazifunga katika kitambaa chenye maji, na baada ya siku chache unaona ngapi zimeota. Shairi nalo lina kipimo chake. Kipimo hicho ni masikio ya watu.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Wasomaji walipeleka mashairi yao humo, na wenzao wakayajibu. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, ili watunzi wajue namna ya kupima kazi zao.

Mimi ni Bwana Shamba. Sikusomea ushairi, nilisomea kilimo. Lakini napenda kutunga, na nitakueleza yaliyonipata.

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia katika nchi yetu. Walikula mahindi vibaya sana. Baadaye nilitunga shairi juu ya msiba huo. Mstari wa kwanza niliuandika hivi:

Jeshi la viwavi njiani, linakwenda kwetu mbio.

Niliupenda sana mstari huo. Nikaenda nao kwenye darasa la kisomo pale kijijini, nikasimama, nikasoma shairi lote kwa sauti. Nilipomaliza nikauliza, "Je, ni zuri?"

Wote wakasema, "Zuri, Bwana Shamba!" Wakapiga makofi.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Ukimwuliza mtu kama shairi lako ni zuri, atakujibu kuwa ni zuri. Hiyo ni adabu tu. Hata uji usio na sukari mgeni huusifu.

Basi nikauliza kwa njia nyingine. Nikasema, "Nielezeni shairi hili linasema nini. Na mnionyeshe mahali ambapo hamkuelewa."

Hapo maneno yakaanza kutoka.

Kijana mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole. Akasema, "Mstari wa kwanza umezidi." Tukahesabu pamoja: je-shi-la-vi-wa-vi-nji-a-ni. Mizani 9! Katika shairi la namna hii kila kipande kina mizani 8, na mstari mzima una mizani 16. Mimi nilikuwa nimeusoma haraka haraka, ulimi ukaificha ile mizani moja. Kwa sababu hiyo ninakushauri: mpe mtu mwingine akusomee shairi lako, nawe usikilize. Anapokwama, weka alama. Wewe mtunzi huwezi kukwama, maana unajua ulichotaka kusema.

Kisha bibi mmoja akanyosha mkono. Akasema, "Mwanangu, hao viwavi wa njiani ni wepi? Wale wa mwaka ule hatukuwaona wakienda kwa makundi. Walikaa ndani ya mhindi, katikati ya majani machanga. Tuliona mavi yao tu, kama unga wa mbao."

Niliona haya. Bibi alisema kweli. Wanaotembea kwa makundi ni viwavijeshi wale wa zamani. Hawa wageni hujificha. Na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wanakijiji kuwatafuta humo ndani! Niliandika "njiani" kwa sababu nilitafuta kina cha "ni", basi.

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kusema kwamba ushairi si somo la kilimo. Lakini nilifunga mdomo, nikaandika maneno ya bibi kwenye daftari kama alivyoyasema. Nawe fanya hivyo. Ukianza kubishana, watu watanyamaza, na hutapata neno jingine.

Nyumbani niliuandika mstari upya:

Kiwavi yumo moyoni, mchana hatoki huko.

Hesabu mwenyewe. Ni 8 na 8.

Je, ufuate kila unaloambiwa? La. Mtu mmoja msomi aliniambia nitumie maneno magumu ya kale, ili shairi liwe na heshima. Nilimshukuru, lakini sikufanya hivyo. Bibi yule asingelielewa, na nilitunga kwa ajili ya watu kama yeye. Mimi huangalia hivi: watu wawili au watatu wakikwama mahali pamoja, hapo pana kisiki, nakitoa. Akikwama mmoja tu, nalala nalo kwanza.

Lakini jambo zito lilikuwa katika ubeti wa nne. Niliandika juu ya mkulima mvivu aliyeacha shamba lake likaota magugu. Sikutaja jina. Darasa zima lilicheka mpaka machozi. Mtu mmoja tu hakucheka. Alichukua baiskeli yake akaondoka.

Jioni alikuja kwangu. Hakuwa na hasira. Akasema, "Bwana Shamba, kila mtu amejua kuwa ni mimi. Mwaka ule mke wangu alilazwa hospitali, nami nilikuwa huko namwuguza. Nani angepalilia?"

Sikulijua jambo hilo. Nilikuwa nimepita kando ya shamba lake, nikaona magugu, nikaondoka na ubeti wangu.

Wenzangu wawili waliniambia niuache, maana ndio ubeti uliowafurahisha watu kuliko yote. Ni kweli ulifurahisha. Mpaka leo sijatunga mwingine wa kuchekesha kama ule. Niliufuta. Kama ungechapishwa gazetini, ungesomwa katika vijiji vingi, nami nisingeweza kuurudisha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapolisoma shairi lako mbele ya watu, usiwatazame wanaocheka peke yao. Mtazame pia anayenyamaza, na umfuate baadaye mkiwa wawili tu.

Neno jingine dogo. Ukiandika, ruka mstari mmoja kila mara, upate nafasi ya kusahihisha juu yake. Kama tahajia inakusumbua, mwombe mwanao aliye shuleni akusaidie kwa herufi. Asibadilishe maneno yako. Watoto wa shule wanapenda sana kubadilisha.

Shairi langu lilibaki na beti tano. Kabla ya kulitia katika bahasha nilikwenda kwa yule jirani, nikamwomba anisomee. Alisoma polepole, kidole chake kikifuata maneno, mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kuwa ubeti wa pili una neno linalokwama mdomoni. Tuliketi chini ya mwembe wake, tukalitafuta jingine.