Kabla hujahamia mbugani, kumbuka yaliyompata Joy Adamson wa Shaba

JE, msomaji, unaweza kufunga mlango wa nyumba yako mtaani, umrudishie mwenye nyumba ufunguo wake, kisha uende kuishi kwenye hema ukiwatunza wanyama ambao hawatakulipa hata senti moja? Wengi watacheka. Lakini wapo vijana wanaomaliza masomo wakiwa na ndoto hiyo, na wapo wazee waliostaafu wanaoiota vilevile.

Kule Marekani jambo hili ni la kawaida. Mzee na mkewe huuza nyumba, wakanunua gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani. Huliegesha katika mbuga za serikali, wakapewa mahali pa kukaa, maji na stima bila malipo. Nao hulipa kwa jasho: hupokea wageni, hufagia njia na kuokota taka kwa saa kadhaa kila juma. Msimu ukiisha huwasha gari, wakaelekea mbuga nyingine.

Usidhani, hata hivyo, kwamba nyumba inayosafiri ni uvumbuzi wa Wazungu. Panda basi uende Isiolo, mji ulio kiasi cha kilomita 285 kaskazini ya Nairobi. Huko utawakuta wafugaji Waborana na Wasomali, na ukizidi kwenda kaskazini utawakuta Warendille. Nyumba yao ni fito zilizopindwa, zikafunikwa kwa mikeka na ngozi. Mama ndiye fundi wake na ndiye mwenyewe. Siku ya kuhama huibomoa, akaipakia juu ya ngamia na vyombo vyote, na jioni familia inalala chini ya paa lilelile mahali pengine.

Lakini wafugaji hawahami kwa pupa. Kwanza hutumwa watu kwenda kupeleleza. Wakirudi huulizwa maswali matatu: maji yako wapi, nyasi zikoje, na majirani ni akina nani? Shika hilo swali la tatu, msomaji, kwa maana ndilo kiini cha makala haya.

BWANA GAME NA ELSA

Kisa cha mtu aliyeishi hemani Isiolo kwa ajili ya wanyama kinajulikana dunia nzima, ingawa wengi wetu tunakijua nusu tu. Ni kisa cha Joy Adamson na mumewe George.

Joy alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo unaitwa Opava nchini Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937, akawa mchoraji hodari wa maua na baadaye wa watu wa makabila yetu waliovalia mavazi ya kienyeji. Mwaka 1944 aliolewa na George, afisa wa idara ya wanyama aliyesimamia wilaya za kaskazini, makao yake yakiwa Isiolo. Watu walimwita Bwana Game, na jina hilo akaja kulipa kitabu chake cha mwaka 1968.

Mnamo Februari 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Kumbe alikuwa na watoto watatu wachanga. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, akabaki Isiolo. Alilelewa kama mtoto wa nyumbani, akasafirishwa na gari la Land Rover, na aliwahi kufika hata pwani ya Bahari ya Hindi akaoga baharini.

Baadaye walimpeleka Meru, wakapiga hema na kumfundisha kuwinda. Kazi hiyo si rahisi. Simba aliyezoea kupewa nyama mkononi hamwogopi mtu, na hilo ni hatari kwake na kwa mtu. Elsa alifaulu, akazaa watoto watatu porini, lakini Januari 1961 alikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kitabu cha Joy, Born Free, kilikuwa kimetoka mwaka 1960, na mwaka 1966 kikatengenezewa filamu.

HEMA LA SHABA

Wengi hudhani hadithi iliishia hapo. La hasha. Fedha za vitabu zingemtosha Joy kustarehe katika nyumba yake kando ya Ziwa Naivasha. Isitoshe, ajali ya gari ya mwaka 1969 ilikuwa imemharibu mkono wa kulia, asiweze kupiga piano kama zamani. Lakini katika miaka ya mwisho ya 1970, akikaribia umri wa miaka 70, alifunga tena mizigo na kurudi Isiolo, safari hii katika Hifadhi ya Shaba.

Shaba iko mashariki ya barabara kuu iendayo Moyale, kando ya Mto Ewaso Nyiro. Upande wa pili wa barabara kuna Buffalo Springs na Samburu. Hii ni nchi ya joto, mawe na miiba, na makao ya wanyama ambao hutawaona Nairobi: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga mwenye mabaka kama wavu, choroa, na swala twiga anayesimama kwa miguu miwili ili kufikia majani.

Joy hakuwa ameajiriwa na mtu. Alikuja na chui jike aitwaye Penny, aliyempata akiwa mchanga, kwa nia ya kumrudisha porini. Chui hatembei kwa kundi kama simba. Hujificha, huwinda peke yake, na hasira yake haitabiriki. Siku baada ya siku Joy na wafanyakazi wake walimtafuta Penny vichakani, jua likiwachoma. Hatimaye Penny alijua kujilisha, akapata dume la porini na kuzaa. Kazi ilikuwa imefaulu.

HATARI HAIKUTOKA KWA CHUI

Jioni ya Januari 3, 1980, Joy alitoka kambini kwenda kutembea kidogo kama ilivyokuwa desturi yake. Hakurudi. Msaidizi wake alimkuta njiani amekufa, karibu na kambi. Habari ya kwanza iliyotangazwa duniani ilisema ameuawa na simba. Watu wakatikisa vichwa: tulijua tu!

Haikuwa kweli. Uchunguzi ulionyesha majeraha ya silaha yenye ncha kali. Kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alishtakiwa, na mwaka 1981 akahukumiwa kifungo. Alinusurika kitanzi kwa sababu ya umri wake mdogo wakati wa tukio. Joy alikuwa amebakiza siku 17 tu kutimiza miaka 70.

George naye hakufa kwa meno ya simba, ingawa aliishi nao huko Kora tangu mwaka 1970. Agosti 20, 1989, akiwa na umri wa miaka 83, alipigwa risasi na majambazi alipokimbia kumwokoa mgeni wake aliyekuwa ameshambuliwa. Wafanyakazi wake wawili waliuawa pamoja naye.

Unaona, msomaji? Watu hawa wawili walilala miaka na miaka wakitenganishwa na simba na chui kwa turubai tu. Waliowamaliza ni binadamu. Hakuna kosa la Joy linaloweza kuhalalisha mauaji. Hata hivyo kisa hiki kinatukumbusha kwamba anayehamia porini hahamii mahali patupu. Kuna wapishi, walinzi, wafugaji wanaotafuta maji, na vijana wasio na kazi. Hao ndio majirani. Mtu anaweza kujua kila unyayo wa chui wake na asijue yaliyo moyoni mwa mtu anayemchotea maji.

Swali hilo halijazeeka. Mwezi Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kijamii katika kaunti hiyo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi wakiwa hawakushirikishwa ipasavyo. Nia ya kulinda wanyama peke yake haitoshi.

Kwa upande mwingine, wapo waliojifunza. Ng'ambo ya mto, shirika la Ewaso Lions, lililoanzishwa mwaka 2007 na mtafiti Mkenya Shivani Bhalla, huwatumia morani wa Kisamburu kuwa macho na masikio ya simba. Kijana ambaye zamani angemwinda simba kwa kulipiza kisasi cha ng'ombe, leo huwaonya wafugaji wasipeleke mifugo mahali simba alipo.

UKITAKA KWENDA

Kama bado moyo wako unakuvuta, haya ndiyo ya kuzingatia.

Mosi, chagua mahali pa hema kwa akili. Usilale ndani ya laga, hata kama mchanga wake ni mkavu na laini kama godoro. Ewaso Nyiro huanzia Aberdare na Mlima Kenya. Mvua ikinyesha huko juu, mafuriko hukufikia ukiwa chini ya anga safi. Machi 4, 2010, mto huo ulifurika na kusomba kambi ya watafiti wa ndovu wa Save the Elephants pamoja na mahema ya watalii huko Samburu.

Pili, funga zipu ya hema kila wakati. Usiweke chakula ndani, kwani nyani na tumbili ni wezi wa mchana. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, nge hupenda kulala humo. Usiku usitoke bila tochi.

Tatu, usimfanye mnyama kuwa rafiki. Akina Adamson walikuwa na sababu, kwa kuwa wanyama wao walikuwa yatima. Wewe ukimtupia tumbili ndizi unamfundisha kuvamia watu, na mwisho wake ni risasi.

Nne, uliza kazi utakayofanya ni ya nani. Kama kijana wa Archer's Post anaweza kuifanya kwa mshahara, wewe unayeifanya bure unamnyang'anya mkate wake. Peleka ujuzi usiopatikana huko, na ukae muda wa kutosha kuuacha kwa mwenyeji.

Tano, kama utaajiri mpishi au mlinzi, patana naye mshahara mbele ya shahidi, mlipe siku mliyoagana, na mkikosana msuluhishwe na wazee au chifu kabla jua halijatua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbuga za Isiolo zina kazi ya kumtosha kila mwenye nguvu. Lakini kabla ya kufunga begi, fanya kama wafanyavyo wafugaji. Nenda kwanza bila hema. Kaa siku chache mjini, kunywa chai na wazee, uwaulize walinzi wa hifadhi na akina mama wa sokoni maisha yao yakoje. Ukirudi nyumbani ukiwa na jibu la lile swali la tatu, basi nunua hema.