Mzazi, usikimbilie kutandika zulia kwenye sakafu mbichi

Kutoka Bunju hadi Mapinga, Kerege, Zinga na Bagamoyo mjini, nyumba mpya zinaibuka kila kukicha. Wengi wanaojenga huko wanataka kuachana na kodi. Fundi akishamaliza kupiga sakafu, siku chache baadaye zulia la plastiki linatandikwa na familia inahamia.

Haraka hiyo ina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mtoto mdogo, kwa sababu ndiye anayetambaa, kucheza na kulala karibu na sakafu.

Sakafu ya saruji kukanyagika si kukauka. Saruji inapokuwa ngumu hutumia sehemu tu ya maji yaliyochanganywa. Yanayobaki hutoka taratibu kama mvuke. Ukiifunika sakafu kwa zulia la plastiki au mbao, mvuke hukosa njia. Gundi huachia, mbao huvimba, na fangasi huota chini ambako hakuna anayewaona.

Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na fangasi ndani ya nyumba. Unaeleza kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu wako kwenye hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Mtoto anayekohoa mara kwa mara usiku, au ambaye kifua kinambana na kutoa mlio kama filimbi, apelekwe kituo cha afya.

Usubiri muda gani?

Siku saba za mwanzo sakafu humwagiliwa maji ili isipasuke na iwe imara. Hesabu ya kukauka huanza baada ya hapo. Kanuni inayotumiwa na wajenzi ni siku moja kwa kila milimita moja ya unene, hali ya hewa ikiwa nzuri. Sakafu ya sentimita nne inahitaji takriban siku 40, na ya sentimita tano takriban siku 50.

Ukanda wa pwani una unyevunyevu mwingi hewani, hivyo muda huo unaweza kuzidi. Sakafu iliyopigwa mwishoni mwa Februari itakutana na masika kabla haijakauka. Mchanga wa baharini nao usitumike, kwani chumvi yake huvuta unyevu hata baada ya sakafu kukauka.

Pima kwa nailoni

Chukua kipande cha nailoni angavu, upana na urefu wa sentimita 45 hivi. Kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, pasipo kuacha upenyo. Kiache hadi kesho yake, angalau saa 16. Ukikuta matone chini ya nailoni, au saruji imebadilika rangi na kuwa nyeusi zaidi, bado. Rudia sehemu tofauti, hasa kwenye kona na chumba kisichopata jua.

Kama miezi imepita na matone bado yapo, huenda maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu nailoni haikutandikwa chini ya jamvi. Hapo kusubiri hakutasaidia. Muone fundi kabla ya kununua zulia.

Usiwashe mkaa

Wapo wanaofunga madirisha na kuweka jiko la mkaa ndani ili sakafu ikauke haraka. Hiyo ni hatari. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Kinachokausha ni upepo: fungua madirisha na milango mchana usio na mvua, na ukiwa na feni iwashe.

Kama kodi imekwisha na ni lazima kuhamia, ishini kwenye saruji tupu kwanza. Mtoto alale kitandani, si kwenye godoro lililolazwa chini. Mchana tandika mkeka wa ukindu, na kila siku uinue, uukung'ute na kuuanika juani. Makabati yasogezwe mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Fedha ya zulia itunze. Italinunua zulia hilo hilo miezi miwili baadaye, likiwa na sakafu kavu chini yake.